Namna ya Kuzitafuta na Kuzitazama Komedi za Televisheni za Uingereza Ambazo Wengi Hawazijui

Mtu akitaja komedi za televisheni za Uingereza, majina yanayojitokeza kwanza ni yale yale: Fawlty Towers, Only Fools and Horses, Mr. Bean, The Office. Vipindi hivyo vinastahili sifa zake. Hata hivyo, nyuma yake viko vingine vingi vilivyorushwa kwa misimu miwili au mitatu, vikapata watazamaji wachache waliovipenda kwa dhati, kisha vikafunikwa na majina makubwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuvifikia, jinsi ya kuchagua cha kuanzia, na jinsi ya kukitazama ili upate kile ambacho mwandishi wake alikusudia. Jambo moja nitalisisitiza kuliko yote: ukitaka kupata komedi nzuri ya Uingereza usiyoijua, mfuate mwandishi, wala usiongozwe na ukubwa wa jina la kipindi.

Mfuate mwandishi

Kwa miongo mingi desturi ya Uingereza imekuwa kwamba msimu mmoja una sehemu sita tu, kila moja ikichukua takriban nusu saa, na mara nyingi skripti zote zimeandikwa na mtu mmoja au wawili. Huko Marekani, ambako msimu wa chaneli kubwa ulizoeleka kuwa na sehemu zaidi ya 20, kazi hiyo hugawanywa kwa kundi zima la waandishi. Kwa sababu hiyo kipindi cha Uingereza hubeba sauti ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na aghalabu humalizika mapema, pale mwandishi anapoona amekwisha kusema alichokuwa nacho. Early Doors ina sehemu 12, Chewing Gum 12, Nightingales 13 na Mum 18. Ni kazi ambazo mtu mwenye shughuli nyingi anaweza kuzimaliza bila haraka.

Kwa hiyo, chukua kipindi kimoja unachokipenda tayari, soma majina yanayopita mwanzoni au mwishoni, na utafute jina la aliyeandika. Halafu uliza: huyu ameandika nini kingine?

Chukua mfano wa The Good Life, iliyorushwa na BBC kuanzia 1975 hadi 1978, ambayo mashabiki wa komedi za zamani wanaijua vizuri. Iliandikwa na John Esmonde na Bob Larbey, na mhusika wake mkuu aliigizwa na Richard Briers. Miaka michache baadaye waandishi hao hao walimrudia mwigizaji huyo huyo na kumwandikia Ever Decreasing Circles, iliyodumu kuanzia 1984 hadi 1989. Wakati wake ilitazamwa na watu wengi, lakini leo hutajwa kwa nadra sana, nami naiona kuwa kazi bora kuliko ile iliyoitangulia.

Briers anamwigiza Martin Bryce, mtu wa makamo anayeishi katika mtaa tulivu na anayeongoza karibu kila kamati, kila timu na kila safari ya majirani zake. Amezoea kwamba hakuna kinachofanyika bila ratiba yake. Kisha nyumba ya jirani inachukuliwa na Paul Ryman, anayechezwa na Peter Egan: mtu mtanashati, msomi wa Cambridge, mwenye saluni ya nywele, ambaye kila jambo analolishika humnyookea bila jasho. Ann, mke wa Martin, anayechezwa na Penelope Wilton, anayaona yote hayo na hasemi. Martin ana tabia moja ambayo ningependa mtazamaji mpya aiangalie kwa makini. Anapopita kwenye simu iliyo ukumbini mwa nyumba yake, husimama, huugeuza mkono wa simu ili waya ukae upande anaouona kuwa ndio sahihi, kisha huendelea na safari yake. Hatoi maelezo yoyote. Ukiifuatilia tabia hiyo kutoka sehemu moja hadi nyingine utamwelewa mtu huyo kuliko ambavyo hotuba yoyote ingekueleza: hofu yake, uaminifu wake, na upendo ambao hajui kuutamka ila kwa kupanga vitu.

Mnyororo hauishii hapo. Bob Larbey, safari hii peke yake, aliandika A Fine Romance, iliyoanza 1981, ambamo Judi Dench na Michael Williams, waliokuwa mke na mume katika maisha yao halisi, wanacheza watu wawili wenye haya wanaojaribu kupendana. Baadaye Larbey aliandika As Time Goes By, iliyoanza 1992, akimweka Dench pamoja na Geoffrey Palmer. Palmer naye anakurudisha nyuma hadi 1978, kwenye Butterflies ya Carla Lane, ambamo anacheza Ben, daktari wa meno anayekusanya vipepeo, wakati mke wake Ria, anayechezwa na Wendy Craig, anajiuliza kama maisha yake yote yatakwisha jikoni. Carla Lane alithubutu kuweka katika komedi ya saa za jioni mke mwenye mume mwema na nyumba nzuri ambaye bado hana furaha, na anayeanza kukutana bustanini na mwanamume mwingine. Kwa mwaka 1978 huo ulikuwa ujasiri mkubwa, na hadi leo vicheko vyake vina uchungu ndani yake.

Anza na uso unaoufahamu

Ikiwa majina ya waandishi hayakuambii kitu bado, mlango wa pili ni mwigizaji uliyemwona kwingine. Waliompenda Olivia Colman katika filamu watamkuta katika Rev., iliyorushwa na BBC Two kati ya 2010 na 2014. Waliomwona Lesley Manville akicheza binti mfalme Margaret katika The Crown wamtafute katika Mum. Waliovutiwa na I May Destroy You ya Michaela Coel warudi nyuma hadi 2015, kwenye Chewing Gum, ambayo Coel aliiandika na kuiigiza mwenyewe, ikiwa imetokana na mchezo wa jukwaani aliokuwa akiucheza peke yake. Mwaka 2016 alipata tuzo mbili za BAFTA kwa kazi hiyo. Mhusika wake, Tracey, amelelewa katika nyumba ya dini kali na anataka kuujua ulimwengu wa mapenzi kwa pupa, huku akizungumza na kamera moja kwa moja. Tahadhari ya haki kabisa: hii si komedi ya kutazama sebuleni mbele ya wazazi au watoto.

Mlango huu wa pili, hata hivyo, nautumia kama njia ya kurudi kwenye ule wa kwanza, kwa kuwa mara nyingi mwigizaji unayemfuata ndiye mwandishi mwenyewe. Mackenzie Crook anafahamika zaidi kama Gareth wa The Office, yule mfanyakazi anayejipa vyeo. Wachache zaidi wanajua kwamba baadaye aliandika na kuongoza kila sehemu ya Detectorists, iliyoanza BBC Four mwaka 2014. Craig Cash, aliyeandika The Royle Family pamoja na Caroline Aherne na kucheza Dave ndani yake, aliungana na Phil Mealey kuandika Early Doors, iliyorushwa 2003 na 2004.

Early Doors karibu yote hutokea ndani ya baa moja ndogo, The Grapes, katika eneo la Stockport, karibu na Manchester. Mwenye baa ni Ken, anayechezwa na John Henshaw, na wateja ni wale wale kila jioni: mzee Tommy anayekaa peke yake na kulalamika, marafiki wanaozungumza juu ya mambo madogo, na polisi wawili wanaojificha chumba cha nyuma wakinywa bure wakiwa zamu. Hakuna kisa kikubwa. Utamu wake uko katika jinsi watu waliozoeana wanavyopeana nafasi, wanavyotaniana, na wanavyojua lini wanyamaze.

Zitazame chaneli ndogo

Ninapotafuta jambo jipya huangalia pia ni chaneli gani iliyorusha kipindi. BBC One na ITV, chaneli kubwa ya kibiashara, zilihitaji watazamaji wengi kwa mpigo, kwa hiyo zilikuwa na tahadhari zaidi. BBC Two, iliyoanza 1964, na BBC Four, iliyoanza 2002, ziliweza kuvumilia jambo dogo na la ajabu. Channel 4, iliyoanza mwaka 1982, ilipewa jukumu la kisheria la kuhudumia ladha ambazo ITV haikuzihudumia. Matunda ya jukumu hilo ni vipindi viwili visivyofanana hata kidogo, ambavyo navipendekeza kwa moyo wangu wote.

Cha kwanza ni Desmond's, kilichodumu kuanzia 1989 hadi 1994 na kufikisha sehemu 71, idadi kubwa sana kwa kipimo cha Uingereza. Trix Worrell alikibuni juu ya kinyozi mmoja wa Peckham, kusini mwa London, na familia yake iliyotoka Guyana. Norman Beaton anamcheza Desmond Ambrose, mwenye hasira za karibu na ndoto ya kurudi kwao siku moja, na Carmen Munroe anamcheza Shirley, mke wake mwenye akili za kumpita. Ndani ya duka hilo hushinda pia Matthew, mwanafunzi wa miaka nenda miaka rudi kutoka Gambia, aliyechezwa na Mghana Gyearbuor Asante, ambaye kila mjadala unapopamba moto huinua sauti na kusema kwamba kuna msemo wa kale wa Kiafrika, na wote waliomo dukani huanza kuguna kabla hajaumaliza. Kicheko kinatokana na wahusika wenyewe, na heshima yao haivunjwi hata mara moja. Kwa kuwa kilihitaji sehemu nyingi, kiliandikwa na waandishi kadhaa, jambo linaloonyesha kwamba kanuni yangu ya mwandishi mmoja ina vighairi vyake.

Cha pili ni Nightingales, kilichoandikwa na Paul Makin na kurushwa kati ya 1990 na 1993. Walinzi watatu, wanaochezwa na Robert Lindsay, David Threlfall na James Ellis, wanakesha katika jengo la ofisi ambalo hakuna anayekuja kuliibia. Wanabishana, wanaogopa, wanabuni dunia nzima ili usiku upite. Usiku wa Krismasi anafika mwanamke mjamzito aitwaye Mary, na mambo yanazidi kuwa ya ajabu. Yeyote anayependa michezo ya jukwaani ambayo watu husubiri kitu kisichokuja atajisikia nyumbani hapo. Anayetaka kisa chenye mantiki ya kawaida akiache kwanza.

Namna ya kutazama

Kanuni ya kwanza ni kufuata mpangilio. Komedi nyingi za zamani zinaweza kuonwa kwa kurukaruka, lakini vipindi vinavyozungumziwa hapa hujengwa polepole, na ukianzia katikati utaona watu wasiofanya lolote. Mum ya Stefan Golaszewski ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Sehemu ya kwanza kabisa inatokea siku ya mazishi ya mume wa Cathy, anayechezwa na Manville, na siku hiyo hiyo mtoto wake Jason anamleta nyumbani mchumba wake Kelly kwa mara ya kwanza. Kelly anasema maneno yasiyofaa kwa nia njema kabisa, na Cathy anayapokea kwa subira. Msimu wa kwanza unaufuata mwaka mzima baada ya msiba huo, na muda wote huo Michael, rafiki wa zamani wa familia anayechezwa na Peter Mullan, yupo karibu, anampenda Cathy, na hawezi kusema. Mtazamaji anayeanzia msimu wa tatu atashangaa kwa nini watu wawili kukaa karibu kwenye kochi ni tukio kubwa. Aliyetoka nao mwanzo atashika pumzi.

Kanuni ya pili ni kukipa kipindi sehemu tatu kabla ya kukihukumu. Ya kwanza hutambulisha watu, ya pili hukuzoesha mwendo wao, na kufikia ya tatu unaanza kucheka kabla mhusika hajafungua mdomo, kwa kuwa umeshajua atakachosema. Ikiwa baada ya hapo bado hujaguswa, kiache bila kujilaumu.

Usitazame zaidi ya sehemu mbili kwa siku, na simu iwe mbali. Komedi hizi huficha jambo lake katika uso wa mtu anayesikiliza, wala si wa yule anayezungumza, na aliyeinamisha kichwa kwenye simu hulikosa.

Washa maandishi ya chini ya skrini, hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Lafudhi ya Stockport katika Early Doors, lugha ya Karibea katika Desmond's na lugha ya vijana wa London mashariki katika Chewing Gum zina kasi na maneno yake, na mzaha unaokosewa kwa neno moja huwa umekosewa wote.

Kuhusu picha na sauti, jiandae kwa tofauti za zama. Komedi za miaka ya 1970 na 1980 zilirekodiwa studio mbele ya hadhira, na vicheko unavyovisikia ni vya watu waliokuwepo. Matukio ya ndani yalichukuliwa kwa kanda ya video na ya nje kwa filamu, ndiyo maana mhusika akifungua mlango na kutoka uani rangi na ulaini wa picha hubadilika ghafla. Si hitilafu ya televisheni yako. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hadhira ya studio iliondolewa katika vipindi vingi, na ukimya uliobaki ukawa sehemu ya uandishi.

Jambo moja zaidi litakusaidia: jifunze kidogo juu ya taasisi ambayo kipindi kinaizungumzia. Sehemu ya kwanza ya Rev. inahusu wazazi wanaojazana ghafla kanisani, na asiyejua kwamba shule za Kanisa la Uingereza zinaweza kutoa nafasi kwa watoto wa waumini wanaohudhuria ibada hataelewa kwa nini kasisi Adam Smallbone, anayechezwa na Tom Hollander, yuko katika mtihani mkubwa kati ya kulitengeneza kanisa lake na kuilinda dhamiri yake. Getting On, iliyorushwa na BBC Four kati ya 2009 na 2012, iko ndani ya wodi ya wanawake wazee katika hospitali ya umma. Iliandikwa na kuigizwa na Jo Brand, ambaye kabla ya usanii alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, pamoja na Joanna Scanlan na Vicki Pepperdine, na msimu wake wa kwanza uliongozwa na Peter Capaldi. Humo kinyesi kilichokutwa juu ya kiti kinazua mjadala mrefu juu ya fomu ipi ijazwe na nani mwenye mamlaka ya kukiondoa. Aliyewahi kumuuguza mtu katika wodi atacheka na kulia kwa pamoja.

Detectorists nayo inafunguka zaidi ukijua sheria. Andy, anayechezwa na Crook mwenyewe, na Lance, anayechezwa na Toby Jones, ni wanachama wa klabu ya watu wanaozunguka mashambani mwa Essex na vifaa vya kugundulia vyuma, wakitafuta dhahabu ya Wasaksoni, watu wa kale wa Uingereza. Lazima wapate ruhusa ya mwenye shamba, na Sheria ya Hazina ya 1996 inamtaka anayegundua hazina aitolee taarifa ndani ya siku 14. Kwa hiyo ushindani kati yao na kundi pinzani juu ya shamba la mzee mmoja ni ushindani wa haki ya kuingia. Kinachofukuliwa karibu kila mara ni vifungo, risasi kuukuu na vile vipete vya kufungulia makopo ya soda. Mmoja huinama, huchimba, mwingine humuuliza amepata nini, na jibu hutolewa kwa sauti ya mtu ambaye hajakata tamaa. Kisha wanakaa chini ya mti na kujadili kipindi cha chemsha bongo walichokiona jana. Crook aliwapenda watu hao alipowaandika, na upendo huo ndio unaoifanya nusu saa hiyo ipite kama pumzi.

Namna ya kuvipata

Ndani ya Uingereza, huduma ya iPlayer ya BBC ina vingi vya vipindi hivi, na sheria inakutaka uwe na leseni ya televisheni ili uitumie. Channel 4 ina hifadhi yake ya mtandaoni yenye matangazo. Nje ya Uingereza, huduma ya BritBox hubeba baadhi yake katika nchi inakopatikana, na vingine huhamahama kutoka huduma moja hadi nyingine kila mikataba inapokwisha, kwa hiyo ukikiona kipindi unachokitaka usiahirishe. DVD bado ni njia ya uhakika kwa vile vya zamani, ila angalia kwanza kwamba kicheza diski chako kinakubali diski za ukanda wa Uingereza. Kampuni ya Network, iliyokuwa ikitoa vipindi vingi vya zamani vya ITV, ilisitisha shughuli zake mwaka 2023, na baadhi ya diski zake sasa ni za kutafutwa kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika.

Ukirudi nyuma hadi miaka ya 1960 utakutana na mapengo yasiyozibika. Kanda zilikuwa ghali, na BBC ilizifuta nyingi ili kurekodia vipindi vingine. Hata Dad's Army, inayopendwa na taifa zima, ina sehemu tatu za msimu wa pili ambazo hazijapatikana.

Mwisho, kabla ya kuanza, hakikisha unajua sehemu maalumu zinaingia wapi, kwa kuwa huduma nyingi huziweka kando. Ile ya Krismasi ya Detectorists ya 2015 hutazamwa kati ya msimu wa pili na wa tatu, na ile ndefu ya 2022 baada ya yote. Sehemu ya kuaga ya Ever Decreasing Circles ya 1989 ina urefu unaokaribia filamu, nayo itazamwe baada ya misimu yote minne, jioni ambayo huna jambo jingine la kufanya.